Shingo Isiyogeuka

Atupakisye aliolewa kijijini Matwebe akitokea Isongole, huko juu kwenye baridi ambako mtoto wa kike anajifunza kubeba debe la viazi kichwani kabla hajasoma sawasawa. Alikuwa mwanamke wa kawaida kwa kila kitu isipokuwa mikono. Akiingia shamba la chai asubuhi, vidole vilikwenda majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na kikapu kikajaa mgongoni wakati wenzake bado wanafunga kanga zao na kusimuliana habari za jana. Wanawake wa kituo cha kuuzia majani walimtania kwamba alizaliwa na vidole vya ziada akavificha. Sifa hiyo aliipenda, na sioni kwa nini asingeipenda.

Sifa yake nyingine ilikuwa heshima. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, hasemi naye, hapiti mbele ya mlango wake. Siku hizi mambo yamelegea; nenda Tukuyu mjini utakuta wakwe wamekaa sebule moja wanatazama mpira na kumlaumu refa kwa pamoja. Lakini mzee Ambilikile, baba yake Lutufyo, mume wa Atupakisye, hakuwa mtu wa kulegeza vitu. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuona ugomvi wowote kati ya Injili na adabu ya babu zake. Mwanawe alipooa, akasema nyumba ya kijana ijengwe chini ya mteremko, upande wa pili wa migomba, na mke apite njia ya nyuma. Ikawa hivyo.

Basi miaka yote ya ndoa yake Atupakisye hakuwahi kumwona mzee usoni. Alimjua kwa kikohozi, kwa sababu mzee alikohoa kila alipokaribia kona ili mkwewe apate nafasi ya kujitenga. Alimjua pia kwa mabuti yake ya mpira, maana anayetazama chini huona mabuti. Akisikia kikohozi hutoka njiani, huchuchumaa, hugeuza shingo kuelekea kwenye migomba, hujitanda kanga. Mzee hupita. Kila mtu huendelea na shughuli zake. Hakuna aliyemlazimisha, na yeye mwenyewe hakujiona anaonewa. Kwake ilikuwa adabu kama adabu nyingine, kama kuvua kofia msibani.

Maumivu yalianza nyuma ya shingo, upande wa kulia, wakati wa mvua kubwa ambapo chai inachipua usiku na mchana. Alidhani ni mto. Akabadilisha mto. Akadhani ni mikungu ya ndizi aliyokuwa akibeba kwenda gulioni, akaongeza majani kwenye kata yake ya kichwani. Muuzaji wa duka la dawa akampa vidonge, akampa na vingine, na maumivu yakakaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Halafu yakaanza kushuka. Yakapita begani, yakateremka mkononi kama shoti ya umeme, mpaka kwenye kidole gumba, na baada yake ikabaki ganzi.

Hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na chai inayokomaa shambani. Alichuma kwa mkono wa kushoto zaidi, akautumia wa kulia kama msaidizi. Siku moja akiwa kituoni, mbele ya mizani, alijaribu kushika mpini wa kikapu akashangaa kukiona kimelala chini na majani yamemwagika kwenye tope. Hakukisikia kikitoka mkononi. Wenzake walicheka, wakasema leo vidole vya ziada vimegoma. Naye alicheka. Ndani ya moyo wake aliogopa vibaya sana.

Na shingo ikakaza. Kwanza iligoma kwenda kulia, baadaye ikagoma kushoto, na mwisho akawa akitaka kutazama kitu pembeni lazima ageuze mwili mzima, mabega na yote.

Ndipo likatokea lile la njiani. Alikuwa anapanda kutoka mtoni na ndoo ya maji mkononi, kwa kuwa kichwani hakuweza tena. Kikohozi kikasikika juu ya kona. Akatua ndoo, akataka kuchuchumaa, na magoti yakakataa. Yalikuwa mazito na magumu kama ya mtu mwingine. Akataka kugeuza shingo. Shingo ikakataa pia. Akatafuta kanga, na mkono wa kulia ukapapasa hewani bila kushika kitu. Mzee Ambilikile akatokea, akasubiri kidogo, na mkwewe akabaki amesimama katikati ya njia, uso wazi, macho mbele, kama askari wa zamu. Aliweza kufanya jambo moja tu, akafumba macho. Akasikia mabuti yakigeuka na kurudi yalikotoka.

Jioni mama mkwe akaja. Mama Lutufyo hakuwa mwanamke mbaya; alikuwa mwanamke wa maneno, na siku ile alikuja nayo yote.

"Mama Jenifer, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mama."

"Unamsimamia baba yako njiani kama mwanaume mwenzake! Mpaka mzee wa watu anarudi nyuma kwenye njia yake mwenyewe! Kama umechoka na sisi, sema. Nyumbani kwenu Isongole panajulikana."

"Mama, shingo haigeuki."

"Jana kanisani iligeuka?"

"Hata jana haikugeuka."

Mama Lutufyo akasimama kuondoka. Kisha akasema neno ambalo kesho yake lilikuwa limeshafika kituoni, kwamba shingo ngumu ni ugonjwa wa watu wenye kiburi, na dawa yake iko kwenye Biblia. Ndivyo ilivyokuwa. Kijiji kizima kilimwona mwanamke anayepoteza mwili wake kidogo kidogo, na kijiji kizima kikaona jeuri.

Lutufyo, mumewe, ndiye aliyeshtuka kwa sababu nyingine. Aliona mkewe anafunga vifungo vya gauni la Jenifer, binti yao, kwa meno. Asubuhi akaita bodaboda, akamkalisha mkewe katikati yake na dereva, wakaenda hospitali Tukuyu.

Daktari aliyewapokea aliitwa Meshaki, kijana mpole mwenye sauti ya chini. Alimgonga Atupakisye magotini kwa nyundo ndogo ya mpira, na miguu ikaruka kuliko ilivyotakiwa. Akamwambia akaze ngumi. Akamwambia atembee kwa kufuata mstari wa vigae, na Atupakisye, aliyezoea kupanda miteremko ya Rungwe na mzigo mgongoni, akapepesuka kwenye sakafu iliyonyooka. Wakampiga picha. Daktari akaiweka kwenye mwanga, akaitazama, akaitazama tena.

"Kuna mfupa umeota juu ya mfupa," akasema. "Hapa, kwenye pingili za shingo. Ni uvimbe, lakini kwa ninavyouona si saratani. Hauendi sehemu nyingine ya mwili. Umekua polepole, pengine tangu ukiwa msichana."

Lutufyo akashusha pumzi. "Mungu ashukuriwe."

"Ashukuriwe, ndiyo. Ila umekulia mahali pabaya." Akachukua kalamu, akaonyesha. "Hapa ndipo unapopita uti wa mgongo, ndio njia ya habari zote kutoka kichwani kwenda mikononi na miguuni. Uvimbe umebana mshipa wa mkono, na sasa unausukuma uti wenyewe. Lazima aende Mbeya, wapige picha kubwa zaidi, wamfanyie upasuaji."

"Na tukichelewa?"

Daktari hakuzungushazungusha maneno, na kwa hilo namheshimu. "Miguu inaweza kukataa kabisa. Na mikono. Mama, nisikilize. Usibebe kitu chochote kichwani. Usipande bodaboda tena. Na mtu yeyote asikukande shingo, asiivute, asiizungushe. Yeyote. Hapo ndani nafasi iliyobaki ni nyembamba kama ukucha."

Akamfunga kola ngumu shingoni na kuwaandikia rufaa. Nafasi Mbeya ilikuwa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ukitaka kujua kwa nini siku hizo chache zilikuwa ndefu, muulize mtu aliyewahi kubeba mayai kwenye tope. Lutufyo alipanda kwa baba yake akaeleza yote, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Mzee Ambilikile alisikiliza mpaka mwisho.

"Mfupa hauoti kama muhogo," akasema. "Shingo ya mkeo imeteguka kwa mikungu ya ndizi. Aitwe Agness aje airudishe. Mkishindwa hapo ndipo mwende Mbeya mkakatwe."

"Baba, daktari amekataza kukandwa."

"Daktari wako ana umri gani?"

Lutufyo akavaa kofia yake, akateremka nyumbani kwake.

Huyo Agness hakuwa tapeli, nisije nikamsingizia. Alikuwa mkandaji hodari, mama wa makamo mwenye viganja vipana, na nusu ya vijana wanaocheza mpira Matwebe wanatembea vizuri leo kwa sababu yake. Kifundo kikiteguka, bega likitoka, aliitwa Agness, akapaka mafuta yake, akashika, akavuta mara moja kwa ghafla, na kitu kikarudi mahali pake kwa mlio. Tatizo ni kwamba mtu akiwa hodari wa kuvuta, kila ugonjwa anauona unataka kuvutwa.

Jumamosi Lutufyo alikwenda Kiwira kutafuta gari la kukodi la Jumatatu, gari lenye kiti cha kulala, maana bodaboda imeshakatazwa. Alipoondoka tu, Jenifer akaja mbio kutoka kwa bibi yake. "Mama, bibi anasema ujitayarishe. Mama Agness anakuja mchana. Bibi anachemsha maji."

Atupakisye alikuwa amekaa kitandani. Akatazama mikono yake. Wa kulia ulikuwa umelala pajani, vidole vimekunjika nusu, kama vya mtoto aliyesinzia. Akafikiri juu ya ukucha wa nafasi uliobaki. Angeweza kukataa, lakini mke anamkatalia nani? Neno limetoka kwa mzee, na kwa mzee hana mdomo. Mama mkwe atakuja na mashemeji, watamshika mabega kwa upendo kabisa, watamwambia vumilia mama, ni mara moja tu, na Agness atavuta.

"Nenda kacheze kwa Vaileth," akamwambia mtoto. "Usiseme niko wapi."

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikanyamaza, na ukungu ukashuka mpaka kwenye vikonyo vya migomba. Atupakisye akashika njia ya nyuma. Nia yake ilikuwa kufika barabarani, akae kwa muuza duka mpaka mumewe arudi. Alitembea huku anashika mgomba mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto. Miguu aliiona ikienda, hakuisikia ikikanyaga. Kutazama chini alishindwa kwa sababu ya kola. Tope la Rungwe lilivyo jeusi na laini, mnalijua wenyewe. Alipofika panapoteremka kwenye mfereji, mguu wa kushoto ukateleza, wa kulia ukachelewa kusaidia, akaanguka chali. Kola ikachomoka kamba upande mmoja. Akasikia shoti moja kubwa, kutoka kisogoni mpaka nyayoni, halafu hakusikia kitu.

Juu yake aliona majani ya migomba na matone. Akaiambia miguu iinuke. Miguu haikujibu. Akauambia mkono wa kulia, halafu wa kushoto, na wa kushoto ukatikisika kidogo tu, kama unaota. Akataka kupiga kelele na pumzi ikatoka fupi. Mungu wangu, akasema, ndiyo hivi? Ndiyo nimeishia hapa?

Ndipo akasikia kikohozi.

Mzee Ambilikile alikuwa anakata majani ya ng'ombe wake upande ule. Alikohoa kama ilivyo desturi, akasimama kusubiri mtu atoke njiani. Hakuna kilichochakarisha. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii kikohozi kilikuwa na hasira ndani yake. Alifikiri ni mambo yaleyale ya mtoni. Atupakisye akasikia mabuti yakianza kugeuka, tope likinyonya, hatua ya kwanza ya kuondoka. Alijua kabisa kwamba mzee akienda, atakayemkuta ni mama mkwe na watu wake, na watamwinua kwa mikono na miguu.

Akafungua mdomo, akamwita baba kwa Kinyakyusa. "Tata!"

Mabuti yakasimama.

"Tata, nisamehe. Nimeanguka. Mwili hauna nguvu. Njoo unishike kichwa."

Mzee yule hakuwahi kusikia sauti ya mke wa mwanawe ikielekezwa kwake. Ukungu ulikuwa mzito, pande zote hapakuwa na mtu. Akaita jina la mkewe, akaita majirani. Wote walikuwa juu, wanamsubiri Agness. Kisha majani yakasogezwa, na uso ukatokea juu ya uso wa Atupakisye, umepinduka, kidevu juu na paji la uso chini. Ulikuwa uso wa Lutufyo, ila umezeeka na una ndevu nyeupe. Hilo lilimshangaza hata katikati ya hofu. Alikuwa ameogopa uso huo miaka yote, kumbe anaufahamu.

"Nikushike wapi?" mzee akauliza. Alikuwa anatazama pembeni.

"Kichwa, kwa mikono miwili, na masikio katikati. Kisigeuke. Daktari alisema kikigeuka nimekwisha."

Mzee akapiga magoti kwenye tope, halafu akaona haifai, akalala kifudifudi, viwiko vyake vikazama, akakishika kichwa cha mkwewe kwa viganja viwili. Vidole vyake vikafika chini ya kisogo. Hapo vikasimama. Kulikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, kimeota kutoka ndani, hakisogei.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho, tata."

"Mfupa," mzee akasema taratibu.

Walikaa hivyo. Matone yalidondoka kutoka kwenye migomba yakampiga mzee mgongoni. Atupakisye alisikia pumzi za mzee, na aliweza kusikia joto la viganja vyake mashavuni. Huko juu bado alikuwa na hisia. Akaanza kusema kwa sababu alihofia akinyamaza atalala. Akasema habari ya kikapu kituoni. Akasema habari ya siku ya mtoni, kwamba alitaka kugeuka na Mungu ni shahidi. Viganja vya mzee vilibaki palepale.

Watu wakafika kwa kelele, mama Lutufyo mbele, mashemeji, na Agness na chupa yake ya mafuta. Wakakuta jambo ambalo hakuna mmoja wao aliyewahi kuliona. Mama Lutufyo akaweka mikono kichwani.

"Baba Lutufyo! Umemshika mkweo!"

"Nimemshika."

"Basi mwachie Agness sasa, mwachie! Hii ni aibu gani jamani?"

Agness alikuwa ameshachuchumaa, mikono inang'aa mafuta. Hakuwa na ubaya wowote machoni. "Mzee, hapo mshipa umeruka kabisa. Niachie niivute shingo mara moja. Mara moja tu, atainuka mwenyewe."

Atupakisye alimwona pembeni ya jicho. Akataka kusema hapana na sauti haikutoka. Akatazama juu, kwenye uso ule uliopinduka, akaona mzee anamtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza.

"Agness, rudi nyuma."

"Mzee, ni wewe uliyeniita."

"Ni mimi niliyekuita, na ni mimi ninayekuambia rudi nyuma. Huyu amekaa kwangu tangu aolewe, hajanifungulia mdomo hata siku moja. Leo ameufungua. Unafikiri ameufungua ili anidanganye?" Akainua sauti bila kuinua kichwa. "Ng'oeni mlango wa nyumba yangu mje nao. Wa mbele, ule mzito. Atalazwa juu yake. Na mtu asimvute, asimkunje, tutamsukumia mlango chini yake taratibu kama mkate."

Mlango ukaja. Mtu mmoja akasema mzee amechoka, apokewe, kichwa ashike shemeji. Mzee akakataa. Walipomwinua alitembea kinyumenyume mteremko mzima mpaka barabarani, akiteleza, wakimshika kiuno asianguke, na kichwa kikabaki katikati ya viganja vyake. Pikapu ya mchuuzi wa ndizi ikasimamishwa, mikungu ikashushwa. Mzee akapiga magoti kwenye bodi. Mpaka Tukuyu barabara ina matuta yake, na kwenye kila tuta alisema, "Tuta, mwanangu," kabla gari halijalipanda. Alisema hivyo kila mara, na hakuna tuta hata moja lililomkuta mkwewe hajajiandaa.

Hospitali, Daktari Meshaki alitoka mbio. Alipofunga kola mpya na kuweka mifuko ya mchanga pande mbili, akamwambia mzee sasa unaweza kuachia. Mzee hakuweza. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Wauguzi walivifungua kimoja kimoja.

Gari la wagonjwa likampeleka Mbeya jioni ileile. Lutufyo, aliyekuwa amepigiwa simu, alilikuta njiani panda ya Kiwira, akaingia bila kuuliza. Picha kubwa zikapigwa, na daktari bingwa, mwanamke mfupi mwenye miwani, akasema hakuna kusubiri Jumatatu. Akamwambia Lutufyo ukweli: uvimbe utaondolewa, pingili zitafungwa kwa vyuma, shingo haitageuka tena kama zamani, hilo si kitu. Kitu ni uti. Kama umebanwa tu, unaweza kuamka. Kama umechanika, hakuna fundi duniani wa kuushona. "Hatutajua mpaka atakapoamka na kujaribu."

Upasuaji ulikuwa mrefu. Lutufyo alikaa kwenye benchi. Mzee Ambilikile, aliyefika na basi bado ana tope kwenye viwiko, alisimama ukutani mwisho wa varanda, mbali na mlango wa wodi, pale ambapo baba mkwe anastahili kusimama. Mama Lutufyo alikaa katikati yao. Alikuwa ameishiwa maneno.

Atupakisye aliamka akiwa na kiu. Daktari mfupi akainama. "Mama Jenifer, unanisikia? Sogeza vidole vya mguu."

Akasogeza. Yaani aliamrisha, kama alivyoamrisha kule kwenye tope. Hakujua kama vimesogea. Akatazama uso wa daktari kutafuta jibu, na uso haukusema lolote.

"Tena."

Akaamrisha tena, kwa nguvu zote, jasho likamtoka. Lutufyo, aliyesimama miguuni pa kitanda, akaziba mdomo kwa mkono akaanza kulia, na Atupakisye akapatwa na hofu kubwa mpaka mumewe alipoweza kusema, "Kimesogea. Mke wangu, kidole gumba kimesogea. Tena! Hicho!"

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza. Miguu itachukua muda, akasema, na mkono wa kulia hawezi kuuahidi. Huo ulibanwa muda mrefu. "Tuangalie wa kushoto. Nishike mkono."

"Subiri," Atupakisye akasema. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Baba yuko wapi?"

Lutufyo akaelewa kabla ya mama yake. Mama Lutufyo akaanza, "Mwanangu, kule ilikuwa shida, lakini hapa kuna watu, desturi…" kisha mwenyewe akatoka kwenda kumwita mumewe.

Mzee akaingia, kofia mkononi, anatazama dirishani. Akakohoa. Atupakisye alikuwa amefungwa shingo pande zote, hana pa kugeukia, na wala hakutafuta pa kugeukia.

"Tata," akasema, "nipe mkono."

Mzee akasogea, akauweka mkono wake juu ya shuka, karibu na wa mkwewe, kama mtu anayeweka kitu mezani. Vidole vya kushoto vya Atupakisye vikatambaa, vikaufikia, vikapanda juu yake. Vikashika. Vikatetemeka, vikalegea, vikashika tena.

"Kaza," daktari akasema.

Akakaza. Alifumba macho, akakaza kwa nguvu zote alizonazo, mpaka mishipa ikamtoka kwenye kiwiko.

"Mwanangu," mzee akasema, na machozi yalikuwa yanamteremka bila yeye kuyapangusa, "unaniumiza."

Hakumwachia.